Hita ya gari la Pwani: kisa cha Fielder iliyopofuka Kimende

Katika miaka yangu yote ya kushika spana hapa Malindi, magari niliyoletewa kwa ajili ya hita hayafiki matano. Wala sishangai. Saa nane mchana Barabara ya Lamu inawaka, hata mbwa wamejibanza uvunguni mwa tuktuk, nani atauliza habari za hita? Kile kirungu cha joto hukaa upande wa buluu tangu gari literemshwe bandarini Kilindini hadi siku linapouzwa kwa kilo. Ndiyo maana Mwalimu alipoegesha Fielder yake mbele ya gereji mwishoni mwa Julai na kusema, "Mwanangu, hita imekufa," kijana wangu alicheka mpaka nikamkata jicho.

"Mwache acheke," Mwalimu akasema. "Angekuwa na mimi kule bara, Kimende, angelia."

Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu kila kipande chake nimewahi kukutana nacho peke yake, lakini sijawahi kuviona vyote vimekaa kwenye gari moja. Na kipande kimoja, kama nilivyokuja kugundua, nilikitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Gari ni Toyota Fielder ya 2004, injini ya 1NZ, ambayo hata ukinifunga kitambaa machoni nitaifungua. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, alinisomesha hesabu darasa la sita, na mpaka leo nikimpa shikamoo najikuta nimesimama wima. Mwezi huo alikwenda Njabini, huko bara, kuwaona wakwe wa bintiye. Garini walikuwa watano: yeye, dada yake, shemeji yake na wajukuu wawili. Walilala Nairobi, kesho yake saa kumi na moja alfajiri wakashika njia ya Naivasha. Mpaka Limuru kioo kilikuwa kinaona. Baada ya hapo, kuelekea Kimende, barabara inazidi kupanda, inapita mita 2,400 juu ya bahari, na Julai huko ndio mwezi wa baridi yenyewe. Nje ukungu umelala barabarani, malori yanatambaa, na ndani kioo kikaanza kuziba.

"Mkono mmoja usukani, mmoja leso," alinieleza. "Nafuta, na kabla sijarudisha mkono kishaziba tena. Shemeji akafungua dirisha, watoto wakalia baridi, akafunga. Mwisho nikaegesha pembeni tukangoja jua kama tunangoja mwezi wa Idi."

Ukungu uko upande gani?

Swali langu la kwanza lilikuwa hilo. "Mwalimu, kioo kilikuwa kimeshika ukungu ndani au nje?"

Linaonekana la kipuuzi, lakini kwa gari la Pwani ndilo linalogawanya njia. Hapa kwetu, usiku wa masika, hewa imejaa unyevu na dereva ameweka AC mwisho. Hewa baridi inapulizwa kwenye kioo, kioo kinapoa kuliko hewa ya nje, na unyevu unajikusanya upande wa nje, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Dawa yake ni waipa mara mbili na kupunguza baridi kidogo. Nimewaona madereva wakisugua upande wa ndani nusu saa nzima, halafu wanakuja kwangu kulalamika kwamba AC imeharibika. Bara mambo yanageuka. Kioo kinapozwa na hewa ya nje, na unyevu ni ule wa pumzi za abiria, nguo zao na chochote kilichorowa mle garini. Unajikusanya ndani.

"Leso ilikuwa inakamulika," Mwalimu alijibu. Hapo nikajua ni ndani.

Swali la pili sikuuliza, niliinama kuangalia. Kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja tumboni mwake kilikuwa kimebonyezwa. Kinafunga hewa ya nje na kuizungusha ile ile ya ndani. Huku Pwani hatukosei kukitumia. AC inapoza hewa ambayo tayari imepoa, na moshi wa malori unabaki nje. Mwalimu alikibonyeza Mariakani nyuma ya lori, na hakukigusa tena. Lakini alfajiri ya Kimende, watu watano wanapumua ndani ya boksi lililofungwa, kitufe hicho kinakuzungushia pumzi yako mwenyewe na kuirudisha kwenye kioo.

Nikamwelekeza: fungua hewa ya nje, elekeza upepo kwenye kioo, weka joto, na washa AC.

"AC? Kwenye baridi ile?"

Kila mtu huuliza hivyo. AC katika kazi hii haiwashwi ili ipoze. Hewa ikipita kwenye koili yake ya baridi huacha maji yake pale, halafu inapita kwenye hita na kupashwa moto. Inayofika kwenye kioo ni hewa kavu na ya moto, na hewa ya namna hiyo hunyonya unyevu kama mkate unavyonyonya chai. Ukikosa moja kati ya hayo mawili, kazi inakwenda nusu.

Nusura niishie hapo. Ningemwonyesha kitufe, nisingemtoza kitu, angeondoka ameridhika, na Kimende ingemkamata tena. Mambo mawili yalinizuia. La kwanza alilisema mwenyewe: "Hita niliweka mwisho, lakini miguu yangu ilikuwa kama imezikwa kwenye sanduku la samaki." La pili ni goti langu. Nilipoinama kuangalia kile kitufe nilikuwa nimeliweka kwenye zulia la upande wa abiria. Nilipoinuka, suruali ilikuwa imerowa duara kubwa kama sahani.

Maji ya nani?

Zulia lililorowa ni kiwanda cha ukungu. Gari likipata joto kidogo maji yanapanda hewani, yakikutana na kioo baridi yanarudi kuwa maji. Unaweza kufuta mpaka leso iishe. Sasa maji hayo yalitoka wapi? Washukiwa ni watatu: rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi ikivuja, mvua inayopenya chini ya kioo cha mbele, au maji ya AC yaliyokosa njia ya kutoka.

Kwa kawaida mshukiwa wa kwanza hujisema mwenyewe. Kulanti, yaani ile dawa ya kupozea injini, inanata kidoleni, ina harufu tamutamu, na huacha utando wa mafuta kwenye kioo ambao ukiufuta unazidi kutapakaa. Nilikandamiza karatasi nyeupe ya chooni kwenye zulia, ikatoka na maji yasiyo na rangi, harufu ya uvundo tu. Nikaanza kufurahi. Halafu nikafungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa (tafadhali, injini ikiwa imepoa, nimeona mikono iliyobabuka), nikakuta humo hamna kulanti hata tone. Ni maji matupu, ya kisima, yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo kukosa harufu ya kulanti kwenye zulia hakunithibitishia kitu: gari lenyewe halikuwa na kulanti ya kuvuja.

Ikabidi nitumie pampu ya shinikizo. Nilifunga pampu mahali pa kifuniko, nikajaza mpaka bar 1, nikaenda kunywa kahawa. Baada ya dakika 20 mshale haukuwa umesogea. Rejeta ya hita haivuji. Mvua nayo niliiondoa kwa kumwaga ndoo mbili chini ya waipa. Ndani hapakuongezeka kitu.

Nikawasha AC, gari limesimama, robo saa. Nikachungulia chini. Kavu. Jamani, gari lililowashwa AC Malindi lisipokojoa chini, hayo maji yanakwenda wapi? Kila siku watu wanakuja wakikimbia, "Fundi, gari linavuja!" nami nawaambia hayo ndiyo afya yake. Ukavu ule ndio ulionitisha.

Mpira wa kutolea maji ya AC umejitokeza kwenye ukuta wa injini, upande wa abiria, mfupi kama kidole. Niliingiza waya laini wa plastiki, polepole, maana ukiwa na pupa utatoboa koili na kugeuza kazi ya bure kuwa kazi ya maelfu. Mwanzo hakikutoka kitu. Halafu likatoka tone moja jeusi, la pili, halafu yakaja yote kwa pamoja, zaidi ya lita moja kwenye beseni, yakinuka kama mtaro wa soko la samaki. Kati yake mlikuwa na vitu kama sindano za kahawia. Kijana wangu aliviokota, akavinusa, akasema, "Mvinje."

Na kweli. Nyumba ya Mwalimu iko upande wa Casuarina, na jina la mahali pale ndiyo mivinje yenyewe. Gari linalala chini yake. Majani yanaanguka kwenye ile mashubaka iliyo chini ya kioo, ambako feni ya ndani hunyonyea hewa. Njiani yangekutana na filta, nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Nilikifungua: nafasi ya filta tupu. Kuna mtu aliwahi kuitoa, pengine ilikuwa imejaa vumbi na hewa inavuma kidogo, akaona kutoa ni rahisi kuliko kununua. Basi majani yakapita moja kwa moja hadi kwenye koili ya AC, yakaozea pale, yakaziba tundu. Mwalimu alipanda mpaka Kimende amebeba kidimbwi ndani ya dashibodi.

Tuling'oa kiti cha mbele na zulia lote, tukavianika. Na hapo upepo wa kusi ulitusaidia, siku moja na nusu vikawa vikavu.

Hadi Gede na kurudi

Yote hayo yanaeleza ukungu. Hayaelezi miguu kuganda.

Kesho yake alfajiri, hewa bado imepoa kwa kipimo chetu, nilifunga skana, kile kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, nikaelekea Gede. Ni mwendo mfupi, lami nzuri, unaweza kushika kilomita 80 kwa saa bila kusumbuliwa kabla bodaboda hawajaamka. Nilitaka kitu kimoja tu, joto la maji ya injini. Kwa injini hii, ikishapata moto, unatarajia namba icheze kati ya nyuzi 80 na 90 na ushei. Yangu ilipanda taratibu mpaka 66, ikagota. Nikakanyaga mafuta, 68. Nikalegeza, 64. Niliposimama Gede pale kwenye njia panda ya Watamu, gari likiwa halipigwi upepo, ikapanda yenyewe mpaka 90 na ushei na feni ikawaka. Nikaondoka, ikaanza kushuka tena.

Hiyo ni tabia ya injini isiyo na termostati. Termostati ni mlango mdogo wa chuma wenye nta ndani yake. Maji yakiwa baridi mlango umefungwa, yanazunguka ndani ya injini tu mpaka yapate moto. Yakifika kiwango, nta inatanuka, mlango unafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta kupozwa. Ukiutoa, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Na kama hewa ya Malindi inaweza kuishusha injini mpaka 64, fikiria hewa ya Kimende alfajiri. Hita haina moto wake, inaazima wa injini.

Hapa pia ndipo petroli ya Mwalimu ilipokuwa ikipotelea, maana alinilalamikia hilo vilevile. Kompyuta ikisoma kwamba injini bado haijapata moto, inaendelea kuongeza petroli kama unavyomwongezea kuni mtu aliyekwambia maji hayajachemka.

Nilirudi gerejini nikafungua daftari la zamani. Sikuwa na haja sana, nilitaka tu kujua gari liliwahi kuja lini. Miaka mitatu nyuma, kwa mwandiko wangu: "Fielder ya Mwalimu. Inachemsha. Termostati imetolewa. Imepona."

Nililitazama hilo neno "imepona" kwa muda.

Nitajitetea kidogo, halafu niache. Kutoa termostati ni desturi ya mafundi wengi wa joto. Gari linachemsha, mteja yuko juu yako, spea ni ya kungoja gari la Mombasa. Unaitoa, mshale unashuka, kila mtu anafurahi. Huku chini mshale ukishuka ni baraka. Lakini kilichochemsha gari hakikutibiwa, kilifunikwa. Safari hii nilimtafuta mkosaji wa kweli nikampata kwa dakika kumi: kifuniko cha rejeta. Mpira wake ulikuwa umepasuka, haushiki shinikizo. Maji yaliyofungwa kwa kifuniko kizima chenye alama ya shinikizo 1.1 hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Shinikizo likitoroka yanachemka kwa 100 hapa Malindi, na kule Kimende, kwa urefu ule, kwa kama 92. Kifuniko kimoja cha mkononi. Na mimi niling'oa termostati.

Nilimwambia Mwalimu. Alinyamaza, akasema, "Hesabu ulikuwa unaruka hatua hivyo hivyo." Bei ya kazi hiyo sikuitaja tena.

Bomba la siku ya mgao

Kilibaki kipande kimoja. Hata kwa maji ya 66 hita ilipaswa kutoa hewa ya vuguvugu la maana. Niliweka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la katikati la dashibodi: nyuzi 37. Ni joto la mtu asiye mgonjwa.

Kwenye ukuta wa injini kuna hozi mbili za hita, moja inaleta maji, nyingine inarudisha. Jipimie kwa mkono, injini ikiwa na moto. Zote mbili zikiwa moto na hewa bado baridi, tatizo liko upande wa hewa: kibao cha kuchanganya joto kimekwama au kebo yake imechomoka. Zote baridi, maji hayafiki. Moja moto na nyingine imepoa, maji yanaingia lakini yanapita kwa kudra. Yetu ilikuwa hiyo ya tatu. Kipimajoto cha bunduki kilisoma 65 upande wa kuingia, 42 upande wa kutoka.

Nilizichomoa zote mbili, nikafunga kidumu cha lita tano juu ya moja na kuyaacha maji yashuke yenyewe. Yalitoka upande wa pili kama bomba la mtaa siku ya mgao, uzi mwembamba unaokatika katika. Maji yetu ya kisima yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa na chumvi. Angalia ganda jeupe ndani ya birika lako la chai ujue kinachojijenga ndani ya vijia vya hita ambavyo upana wake ni milimita chache tu. Ongeza kutu ya miaka mitatu bila kulanti. Kulanti hatuinunui kwa rangi yake. Inazuia kutu, inalinda alumini, inapandisha kiwango cha kuchemka. Huku tunaiona ni maji ya rangi ya kuuziwa wajinga.

Nilisafisha kwa kurudisha maji nyuma, yaani kuyaingiza kule yanakotokea, kwa mpira wa bustani na kwa nguvu ndogo. Yalitoka mazito, rangi ya ukwaju uliokamuliwa. Kisha nikajaza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikaiacha saa moja, nikasuuza, nikarudia mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Rejeta hii ndogo ni ya alumini. Kuna wanaotia magadi ya kusafishia mabomba au maji ya betri ili wamalize haraka. Humaliza kweli, wanamaliza na rejeta yenyewe. Mwishowe kidumu cha lita tano kiliisha kwa mkondo wa unene wa kidole kidogo. Si mpya, ila inapita.

Sufuria ya mama chai

Termostati mpya sikuifunga hivi hivi. Spea za siku hizi, boksi linasema hivi na kitu kinafanya vile. Nilikwenda kwa mama chai wa jirani nikamwomba sufuria na jiko dakika chache. Alidhani nimekosa la kufanya.

Nilibana uzi kwenye ule mlango wa termostati, nikaining'iniza kwa uzi huohuo kwenye kijiti, ikazama katikati ya maji bila kugusa sufuria, na kipimajoto pembeni. Ujanja wake ni mwepesi: mlango ukiwa umefungwa unaubana uzi, ukifunguka, unauachia na termostati inaanguka. Kwa 1NZ kiwango ni kati ya nyuzi 80 na 84. Wateja wa chai walikusanyika. Sabini na tano, imening'inia. Themanini, imening'inia. Themanini na mbili, ikajitikisa kidogo kama samaki anayeonja chambo, na kabla ya 83 ikaanguka, tii, chini ya sufuria. Mzee mmoja akapiga makofi. Mama chai akaniambia nimwage maji yale mbali na nisuuze sufuria yake mara mbili.

Kuifunga ni kazi ya kukera, maana imejificha nyuma ya altaneta, na kile kijipini chake cha kutolea hewa sharti kiangalie juu. Nikafunga kifuniko kipya cha rejeta, nikatia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa, si ya kisima. Kisha ikabaki hewa. Hita ina tabia ya kushika povu la hewa ndani yake, na povu likikaa, maji ya moto hayapiti hata kama kila kitu ni kipya. Malindi ni tambarare kama meza, kwa hiyo niliurudisha mkia wa gari kwenye mteremko wa shimo letu la oili ili pua ibaki juu, nikaweka hita mwisho wa joto, nikaacha injini ikinguruma na kifuniko wazi, nikiongeza kidogo kidogo kila maji yaliposhuka, mpaka feni ikawaka na kuzima mara mbili.

Halafu tena Gede. Namba ilipanda hadi 85, na humo njiani ikacheza kati ya 84 na 89 kwa mwendo wowote. Pale kwenye njia panda nilifunga vioo vyote na kuwasha hita mwisho. Kipimajoto kwenye tundu la dashibodi: 61. Nilikaa dakika mbili, jasho linanidondoka kwenye skana, na muuza madafu akaja kugonga kioo kuuliza kama niko sawa.

Kioo cha nyuma

Hili sikuombwa, nililiona tu. Ile mistari ya kahawia kwenye kioo cha nyuma ni nyaya za kupasha moto, na minne ilikuwa haifanyi kazi. Nilifunika ncha ya mita ya kupimia umeme kwa karatasi ya alumini ili isikwaruze, nikagusa katikati ya kila mstari, swichi imewashwa. Mstari mzima unakupa kama volti 5 katikati; ukipata 10 au 0, umekatika upande mmoja au mwingine. Ukiisogeza ncha polepole, pale volti zinapobadilika ghafla ndipo palipokatika. Yote minne ilikatika mahali pamoja, kwa mkato mmoja ulionyooka. Mwalimu akakumbuka: alipobandua tinti, kijana aliikwangua kwa wembe. Iko rangi maalumu ya fedha ya kuunganishia, unabana mstari kwa utepe huku na huku, unapaka, unaiacha ikauke. Nilipaka minne yote, mitatu ikaamka.

Mwezi wa Agosti Mwalimu alirudi Njabini, safari hii kupeleka vyombo. Simu ilikuja saa mbili kasoro asubuhi. Kwa nyuma nilisikia sauti ya shemeji akinung'unika kwamba wamemchoma kama muhogo.

"Mwanangu, kioo kinaona mpaka mbuzi walio ng'ambo ya barabara," Mwalimu akasema. "Ila sasa miguu inaungua na kichwa kina baridi."

Nikamwambia ageuze upepo kutoka miguuni, aupeleke nusu kwenye kioo.

Alivyorudi niliipima tena ile hozi ya kurudisha maji. Baada ya kuisafisha ilikuwa inasoma 77; sasa ilisoma 73. Siyapendi mashuko hayo manne. Huenda kuna ganda lililolegea likasogea na kukwama upya, na hilo siki haitaling'oa. Nimemwambia kwamba likiendelea, kabla ya Julai ijayo rejeta ya hita itabidi ibadilishwe, na kuifikia ni kushusha dashibodi nzima, kazi ya siku mbili. Aliuliza kama ikirudishwa itakaa kimya kama ilivyokuwa. Nikamjibu kwamba kwa dashibodi ya miaka ishirini iliyokaushwa na jua la hapa, hilo sitamwahidi.